Dawa ile ile, saratani ile ile, majibu tofauti: hesabu inayowahusu wanaovuka Rusizi

RUSIZI. Kila asubuhi katika mpaka wa Rusizi ya Kwanza, akina mama wenye ndoo za sambaza, mafurushi ya vitenge na vikapu vya nyanya hupanga foleni kati ya Kamembe na Bukavu. Wanaovuka daraja hili kila siku wanafahamiana, na mmoja wao akiugua habari huenea. Akipata nafuu, jina la dawa aliyopewa nalo huenea kutoka soko hadi soko, kama zinavyoenea habari za bei ya unga.

Katika ugonjwa wa saratani, habari hiyo inaweza kumfilisi mtu. Chukulia wafanyabiashara wawili wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini. Wa kwanza amepewa dawa mpya za mchanganyiko, na miezi michache baadaye amerudi sokoni. Wa pili anasikia, anauza mtaji wake, anatafuta dawa zile zile, na uvimbe wake unaendelea kukua. Majirani watasema dawa ya pili ilikuwa feki, au kuna mkono wa mtu. Mara nyingi si hivyo. Dawa ilikuwa halali, lakini saratani mbili zenye jina moja hazikuwa kitu kimoja.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu milango ya matibabu inafunguka. Januari 2025 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha kuongeza huduma mpya katika bima ya afya ya jamii, mituweli, matibabu ya saratani yakiwemo. Nchini Kenya, mwaka huo huo wa 2025, serikali na kampuni ya Roche zilikubaliana kushusha bei ya dawa ya trastuzumab kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila dozi, gharama hiyo ikibebwa na bima ya taifa. Dawa ambazo miaka kumi iliyopita zilikuwa za matajiri wanaopanda ndege zinaanza kufika kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo ni vyema kujua zinaweza nini, na zinashindwa wapi.

Dawa inayolenga

Dawa za kemo zilizozoeleka hushambulia kila seli inayogawanyika kwa kasi. Ndiyo maana nywele hunyonyoka na tumbo huvurugika. Dawa zinazolenga hufanya kazi kwa namna nyingine. Hutafuta alama maalumu iliyo juu ya seli ya saratani, au kasoro maalumu ndani yake, na kuziba hapo tu.

Mfano ulio wazi zaidi ni imatinib, vidonge vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa saratani moja ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Saratani hiyo huendeshwa na kasoro moja ya jeni, na kidonge huziba kasoro hiyo hiyo. Wagonjwa ambao zamani walihesabiwa miaka michache sasa huishi miaka mingi, wakifanya kazi na kulea watoto. Hospitali ya Butaro iliyoko Burera, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilizinduliwa Julai 2012, imekuwa ikiwapa wagonjwa dawa hiyo kupitia mpango wa msaada.

Lakini imatinib ilileta matumaini yaliyopita kiasi. Wengi walidhani kila saratani ina mlango mmoja wa kufunga. Uvimbe mwingi, hasa ulioondoka kwenye titi au ngozi ukafika kwenye ini, mapafu, mifupa au ubongo, una milango mingi.

Njia kuu na njia za panya

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji somo refu kuelewa kinachotokea. Mpaka wa Rusizi ya Kwanza ukifungwa, biashara haifi. Wengine watapita Rusizi ya Pili, wengine watashuka hadi Bugarama, na wachache watatafuta njia za panya. Seli za saratani hufanya vivyo hivyo.

Chukua saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Kwa wazungu, karibu nusu ya melanoma zina kasoro katika jeni iitwayo BRAF. Kasoro hiyo hutuma amri moja bila kukoma: gawanyika, gawanyika. Dawa ya kuziba BRAF ilipoanza kutumika peke yake, uvimbe ulinywea kwa namna iliyowashangaza madaktari. Baada ya miezi kadhaa ukarudi. Seli zilikuwa zimepata mchepuko unaoungana tena na barabara ile ile mbele ya kizuizi.

Ndipo wataalamu wakaweka kizuizi cha pili mbele kidogo, kwenye protini iitwayo MEK. Dawa mbili kwa pamoja, dabrafenib na trametinib kwa mfano, huziba barabara moja mahali pawili. Wazo hili si geni kwa watu wa Maziwa Makuu. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa wakati mmoja, na virusi vya UKIMWI pia, kwa sababu dawa moja huacha nafasi kwa mdudu aliyebadilika kupenya. Tofauti ni kwamba mdudu wa kifua kikuu ni mgeni mwilini. Seli ya saratani ni ya mwili wenyewe, imeharibika, na ndani ya uvimbe mmoja mna koo nyingi za seli, kila ukoo na kasoro zake.

Takwimu zinavyosema

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya miaka mitano ya wagonjwa 563 wa melanoma iliyosambaa, ambao walipewa dabrafenib na trametinib pamoja. Wote walikuwa na kasoro ile ile ya BRAF, na wote walipewa dawa zile zile. Baada ya miaka mitano, asilimia 34 walikuwa hai. Kwa ugonjwa ambao zamani uliua wengi ndani ya mwaka mmoja, hayo ni mafanikio makubwa. Lakini maana yake pia ni kwamba takriban wawili kati ya kila watatu hawakufika.

Ukiigawa hesabu hiyo, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Wagonjwa waliokuwa na kiwango cha kawaida cha kimeng'enya kiitwacho LDH kwenye damu, ishara kwamba mzigo wa saratani haujawa mkubwa, walifika miaka mitano kwa asilimia 43. Waliokuwa na kiwango cha juu walifika kwa asilimia 16 tu. Na wale ambao uvimbe wao ulitoweka kabisa kwenye picha, yaani asilimia 19 ya wote, asilimia 71 yao walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Hali kama hiyo inaonekana katika saratani ya matiti. Kati ya wanawake mia wenye saratani hiyo, 15 hadi 20 hivi wana uvimbe wenye alama nyingi za HER2, na hao ndio wanaoweza kunufaika na trastuzumab. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 808 waliokuwa na saratani ya aina hiyo iliyosambaa ulilinganisha makundi mawili. Moja lilipewa trastuzumab na kemo. Jingine liliongezewa dawa ya pili inayolenga alama hiyo hiyo, pertuzumab. Muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia ulipanda kutoka takriban miezi 41 hadi 57. Baada ya miaka minane, asilimia 37 ya waliopewa mchanganyiko walikuwa hai, dhidi ya asilimia 23 ya wenzao.

Mchanganyiko unasaidia, na takwimu zinathibitisha. Lakini hazimwambii mgonjwa mmoja mmoja kwamba atakuwa katika wale 37 au katika wale 63.

Mwili mmoja, majibu mawili

Kinachowachanganya wagonjwa zaidi ni hiki: hata ndani ya mtu mmoja majibu hutofautiana. Picha inaonyesha uvimbe wa kwenye ini umepungua, wa mapafu umebaki vile vile, na wa ubongo umekua. Familia inauliza, dawa inafanya kazi au haifanyi?

Sababu ya kwanza ni koo za seli. Mwaka 2012 watafiti wa London walichukua vinyama kutoka sehemu mbalimbali za saratani ya figo na mahali iliposambaa, kwa wagonjwa wale wale. Kasoro za jeni zipatazo asilimia 63 hadi 69 hazikuonekana katika kila sehemu iliyopimwa. Kwa maneno mengine, kinyama kimoja kilichokatwa upande mmoja wa uvimbe hakisemi habari zote za upande wa pili, sembuse za uvimbe ulioko kwenye mfupa. Inajulikana pia kwamba saratani ya matiti inaweza kubadili alama zake inaposafiri, hivyo titi likawa na HER2 na ini lisiwe nayo, au kinyume chake.

Sababu ya pili ni mahali. Ubongo una ukuta unaochuja kinachoingia kutoka kwenye damu. Trastuzumab ni molekuli kubwa na hupenya hapo kwa shida, kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa na nafuu mwili mzima na ugonjwa ukamtokea kichwani. Vidonge vya BRAF na MEK hupenya vizuri zaidi. Katika utafiti mmoja wa melanoma iliyofika ubongoni, kundi kuu lilipata nafuu ya uvimbe wa kichwani kwa asilimia 58. Lakini nafuu hiyo ilidumu miezi sita na nusu tu kwa nusu yao.

Sababu ya tatu ni mwili unaobeba ugonjwa. Kuna anayeshindwa kuendelea kwa sababu ya homa kali, jambo la kawaida kwa dabrafenib na trametinib. Kuna ambaye moyo wake unachoka, na trastuzumab inahitaji moyo upimwe kabla na wakati wa matibabu. Na kuna anayekatiza dozi kwa sababu fedha zimekwisha.

Kampala ililiona mapema

Somo hili lina historia katika ukanda huu wenyewe. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, ilijikita mwanzoni katika uvimbe wa taya na tumbo kwa watoto, ule uliopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeueleza akiwa Uganda. Daktari John Ziegler na wenzake walitumia mchanganyiko wa dawa, na watoto wengi waliokuwa wakihesabiwa wafu walipona. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972.

Dawa zile zilikuwa za kemo, hazikuwa za kulenga, lakini Kampala iliona mambo mawili ambayo hospitali za Ulaya na Marekani zinayaona leo. Kwanza, ugonjwa ulipenda kurudi kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mishipani haifiki vya kutosha, hivyo ikabidi dawa iingizwe moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Pili, watoto ambao uvimbe ulirudi haraka hawakujibu dawa tena, ilhali wengi ambao uvimbe ulirudi baada ya muda mrefu walijibu vizuri. Ugonjwa mmoja, dawa moja, majibu mawili.

Hesabu ya Rusizi

Kwa mtu wa Rusizi, mambo haya yana uzito wa pekee kwa sababu ya jiografia. Wilaya iko kona ya kusini magharibi ya nchi, na Butaro iko kona ya kaskazini. Mionzi hutolewa Kigali, katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, tangu 2019. Basi kutoka Kamembe hadi Kigali, kupitia msitu wa Nyungwe, huchukua saa sita hivi, na trastuzumab hutolewa kila baada ya wiki tatu. Anayeacha meza yake sokoni kwa siku tatu kila baada ya wiki tatu anapoteza wateja pamoja na nauli.

Upande wa pili wa mto hali ni ngumu zaidi. Tangu Februari 2025 Bukavu imekuwa mikononi mwa waasi wa M23, na benki zilifungwa. Mgonjwa asiyeweza kutoa akiba yake benki hawezi kupanga matibabu ya mwaka mzima. Kadi ya mituweli ya jirani yake wa Kamembe haimhusu.

Katika mazingira hayo, kununua dawa kwa jina tu ni biashara mbaya. Wengi hapa wana ndugu Brussels au Paris. Ndugu akitibiwa melanoma kwa vidonge na akapona, ni rahisi kuomba atume boksi. Lakini kwa watu weusi melanoma mara nyingi huota kwenye unyayo, na melanoma za unyayo zina kasoro ya BRAF kwa nadra zaidi. Vidonge vya Brussels vinaweza kuwa halali kabisa na visiwe na mlango wa kuufunga. Zaidi ya hapo, dawa inayoziba BRAF ikipewa mtu asiye na kasoro hiyo inaweza kuuchochea uvimbe badala ya kuuzuia.

Trastuzumab nayo ina sharti lake: lazima itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyovuka mpaka ndani ya mkoba wa vitenge juani haiaminiki tena, hata kama ilitoka kiwandani ikiwa nzima. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha toleo la kwanza la bei nafuu. Hakuna tena sababu ya kuitafuta gizani.

Kinachostahili fedha ya kwanza ni kipimo. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kupimwa vizuri hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya dawa, na ndicho kinachosema kama dawa hiyo ina kazi ya kufanya. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari maswali yale yale anayomuuliza muuzaji wa jumla kabla ya kutoa fedha. Saratani hii imeanzia wapi, na imefika wapi? Kipimo kimeonyesha alama gani? Tunatafuta kuponya, au kuidhibiti ili niishi muda mrefu zaidi? Tutapima tena lini ili tujue dawa inafanya kazi? Na kama haifanyi, mpango wa pili ni upi?

Swali la mwisho ni la fedha, na likiulizwa mapema huokoa familia. Kwa saratani iliyosambaa, dawa za kulenga huendelea kutolewa maadamu zinafanya kazi. Kikundi cha akiba kinachochangia dozi mbili na kuishiwa kimemwacha mgonjwa mahali pabaya, na wanachama wake wamepoteza mtaji. Ni afadhali kujua tangu mwanzo bima italipa nini, kuliko kugundua dozi ya tatu.

Ukweli mwingine ni kwamba njia yenye faida kubwa zaidi bado ni kuiwahi saratani kabla haijasambaa. Uvimbe uliobaki kwenye titi una koo chache za seli, na upasuaji unaweza kuuondoa wote. Rwanda imekuwa ikipanua mpango wa kupima mapema saratani za matiti na mlango wa kizazi katika vituo vya afya, na mwaka 2011 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuchanja wasichana wake kitaifa dhidi ya virusi vya HPV. Mama anayeona donge lisilouma na kusema atalishughulikia baada ya msimu wa biashara ndiye anayefika hospitali wakati takwimu zimekwisha kumgeuka.

Bima ya lori na bima ya dereva

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sehemu yake. Kongo iliingia mwaka 2022, na tangu hapo Rusizi na Ruzizi, kwa herufi yoyote ile, ni mto ulio ndani ya Jumuiya moja. Mkataba wa Jumuiya unazungumzia ushirikiano wa afya, na Taasisi ya Saratani ya Uganda imeteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha ukanda kwa saratani. Wazo la nchi wanachama kununua dawa kwa pamoja limekuwa likijadiliwa kwa miaka.

Dawa za kulenga zinalipa wazo hilo sababu mpya. Kama mwanamke mmoja tu kati ya watano au sita wenye saratani ya matiti anahitaji trastuzumab, nchi ndogo ikinunua peke yake itanunua kidogo na kwa bei kubwa. Nchi nane zikinunua pamoja zinakuwa mteja wa maana. Hali ni hiyo hiyo kwa vipimo: si kila wilaya itakuwa na maabara ya jeni, lakini kinyama kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kusafiri badala ya mgonjwa. Leo mara nyingi ni mgonjwa anayesafiri.

Madereva wanaopita Bugarama wanaijua Kadi ya Njano ya COMESA. Ni bima ya gari ambayo, tangu miaka ya 1980, hutambuliwa upande wa pili wa mpaka. Lori likigonga mtu Uvira au Bujumbura, kuna utaratibu wa kulipa. Dereva wa lori hilo akiugua saratani hana kadi ya namna hiyo. Mataifa yaliyokubaliana juu ya chuma na matairi hayajakubaliana juu ya mwenye usukani.

Sayansi itaendelea kutafuta kwa nini uvimbe mmoja hunywea na mwingine hukaidi. Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya seli, na hakuna serikali inayoweza kuiamuru. Lakini mgonjwa kupimwa kabla ya kununua, dawa kufika ikiwa baridi, dozi ya nne kufuata ya tatu, na kadi yake kutambuliwa ng'ambo ya daraja, hayo ni maamuzi ya watu. Wanaopanga foleni Rusizi ya Kwanza kila asubuhi wana haki ya kuyadai, kama walivyodai kupunguziwa makaratasi ya kuvusha nyanya.